Ukuta Nyuma ya Pazia

Picha ninayoichukia kuliko zote nilizopata kupiga ndiyo iliyotoka vizuri kuliko zote. Ni ya chumba cha juu katika nyumba ya shangazi yangu, Mji Mkongwe, niliyoipiga saa nne za asubuhi, mwanga ukiingia kwa dirisha la upande wa bahari. Chokaa mpya, zidaka za ukutani zenye sahani za kale, kitanda cha samadari kilichotandikwa, na ukuta wa mwisho umefunikwa kutoka juu hadi chini kwa pazia la hariri nyekundu. Watu wakiiona husema mashaallah. Mimi nikiiona hugeuza uso.

Kazi yangu ya siku zote ni harusi. Si harusi nzima, upande wa wanawake tu, kule ambako mwanamume haingii, mabuibui yamevuliwa na biharusi amekaa na hina yake. Nimeingia katika vyumba hivyo na kamera tangu nilipokuwa msichana, na kilichoniweka katika kazi si ufundi, maana wapo wenzangu wanaonishinda kwa mbali. Ni kwamba najua nini kisionekane. Biharusi ana kovu shavuni, namgeuza. Mama mtu analia kwa jambo ambalo si furaha, nashusha kamera mpaka amalize. Nyumba haina zulia, napiga kuanzia kiunoni kwenda juu. Hakuna aliyenifundisha hayo na hakuna aliyewahi kuniomba. Nikimaliza nawakabidhi wenyewe picha zao na kwangu sibakishi hata moja. Kwa hilo najulikana mjini, na nilikuwa najivuna nalo sana.

Mwaka mmoja, miezi michache kabla ya masika, walikuja mtaani kwetu watu wa mradi mdogo wa kuziokoa nyumba kongwe. Uwezo wao ulikuwa wa nyumba chache tu. Walitaka zipigwe picha nyumba zote za mtaa, nje na ndani, ili injinia wao azikague mezani, achague zilizo hatarini zaidi, kisha mafundi waanzie huko. Kwanza walimtuma mwanamume. Akarudi na picha za milango ya kuchonga, moja baada ya nyingine, kama mtalii aliyeshuka melini asubuhi ile. Kila alipobisha hodi aliambiwa wenyewe hawapo, na wenyewe wapo nyuma ya mlango wanamsikiliza. Ndipo nikaitwa mimi.

Injinia alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Aliniambia jambo moja tu.

"Bibie, uzuri waachie watalii. Mimi nnataka ubovu. Palipopasuka, palipovimba, panapovuja. Ukiniletea picha nzuri umenimaliza."

Nikamwambia nimefahamu. Nilikuwa nimefahamu kweli, na hilo ndilo linaloniuma.

Nilidhani kazi ni ndogo. Katika mtaa ule nimezaliwa, kila mlango naujua, na kila mwanamke aliye nyuma ya mlango ama nimempiga picha yeye au bintiye. Lakini niligundua siku ya kwanza kwamba huwezi kwenda kupiga picha nyumba ya Mzanzibari ukaikuta ilivyo. Kamera kwao ni mgeni, na mgeni anaandaliwa. Nilikuwa nikitoa ahadi ya kesho asubuhi, na kesho asubuhi nakuta ngazi zimedekiwa, mapazia yamefuliwa, nguo zimeanuliwa kambani. Mzee mmoja aliyekaa barazani kwake na shuka alikataa nisipige hata ukuta wa nje mpaka apande juu avae kanzu, ingawa nilimwambia mara tatu kwamba yeye hamo pichani. Akakaa pale na kofia yake ya viua, na katika kila picha ya msingi wa nyumba ile uliooza imo miguu yake na makubadhi mapya.

Nilikuwa mkali. Sijui niliutoa wapi ukali huo. Bibi mmoja wa nyumba ya pembeni alikuwa na ndoo sebuleni chini ya dari iliyokuwa ikivuja tangu mvua za vuli, na nilipofika ameiondoa, maji amekausha, na pahala pake ameweka meza na maua ya plastiki.

"Bi mkubwa," nikamwambia, "rudisha ndoo."

"Ndoo gani, mwanangu?"

"Iliyokuwa hapa. Alama yake nnaiona sakafuni."

Alinitazama kama niliyemwambia avue nguo. Nikasimama pale na kamera mpaka akaileta, akaiweka, akaufunika uso wake kwa upande wa kanga, nami nikapiga ndoo, dari, boriti zilizooza na doa lote jeusi. Nilitoka na roho nyeupe. Nilijiambia kesho atanishukuru.

Nyumba ya shangazi niliiacha mwisho.

Shangazi yangu ni dada wa baba, mkubwa wake kwa miaka mingi, na ndiye aliyenilea baada ya mama kufa. Mume alimfia mapema, watoto hakujaaliwa. Nyumba ilikuwa ya ukoo, ya ghorofa mbili, yenye ua katikati na mlango ambao watalii walikuwa wakipigana vikumbo kuupiga picha. Wenye haki nayo wametapakaa, Maskati, Daressalaam na kwingineko, na kila mmoja anaipenda nyumba sana kwa simu. Aliyekaa ndani yake, akaifagia, akapanda na kuteremka ngazi zake kwa magoti mabovu, ni yeye peke yake.

Ufa ule niliujua tangu utoto. Ulikuwa katika chumba chake cha kulala, juu, ambako nami nililala mpaka nilipoolewa. Siku hizo ulikuwa mwembamba kama uzi, nami nilikuwa nikiufuata kwa kidole nikingoja usingizi. Ukuta ule zamani uliegemeana na nyumba ya jirani. Nyumba ya jirani ilipoanguka, ukabaki umesimama peke yake, mvua inaupiga mwaka hadi mwaka. Mmoja katika ukoo akaja na akili yake, akaupaka saruji kwa nje, akidhani anautibu, saruji ikayafungia maji ndani ya mawe. Kufikia mwaka huo ufa ulikuwa unatoka kwenye boriti za dari, unapita katikati ya ukuta na kuzama sakafuni, na pahala pengine mkono wangu uliingia wote. Shangazi alikuwa akiujaza magazeti.

Nilipofika asubuhi ile alikuwa ananingoja mlangoni. Alikuwa amekwisha kupaka chokaa, kwa mikono yake, katika umri ule. Vidole vilikuwa vimechunika.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Vua viatu, sakafu nshaipiga maji."

Nyumba nzima ilikuwa inanuka udi.

"Picha hainusi, shangazi."

"Mimi nnanusa. Haya, panda."

Nikampokea mkono tukapanda polepole. Juu, kitandani, lilikuwa limekunjwa pazia. Nililitambua. Ndilo lililotundikwa chumbani humo siku aliyoingizwa biharusi, hariri nyekundu, na tangu siku hiyo lilikuwa sandukuni na karafuu. Sikuwahi kuliona nje ya sanduku. Alikuwa tayari ameshapiga misumari miwili ukutani, na sijui alipandaje.

"Nishikie upande ule," akasema.

"Shangazi, ufa ndio wanaoutaka. Bila ya ufa hawaji."

"Nao wakishaupata? Wauoneshane mezani, wanaume nisowajua?"

"Ni ukuta tu."

"Ni chumba changu." Akakaa kitandani, amelikumbata pazia. "Nimeolewa humu, nimefiwa humu. Baba'ako anakata roho ananambia, dada, nitizamie nyumba. Leo niwape watu picha wajue kuwa sikuitizama? Wapeleke na Maskati wakaone?"

Nikamweleza. Nilimweleza vizuri, sijidanganyi, kuhusu mradi, injinia, mafundi, kwamba hakuna atakayemlaumu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa sauti ya chini, sauti ambayo hakuwahi kunisemesha nayo, maana katika maisha yangu yote mwombaji nilikuwa mimi.

"Nsitiri, mwanangu. Si ndio kazi yako?"

Nikashika upande wa pili wa pazia.

Na nilipokwisha kulishika, Mungu anisamehe, nikaifanya kazi vizuri. Nililivuta mikunjo ikaanguka sawasawa. Nikasogeza kitanda shubiri moja ili mguu wake uzibe pale ufa ulipotokeza sakafuni mbele ya pazia. Nikafungua dirisha moja na kufunga jingine. Nilikipamba chumba kile kama ninavyompamba biharusi, na kwa dakika chache nilikuwa na furaha, naye alikuwa na furaha, amesimama nyuma yangu ananiambia sahani ile igeuze, ua lake litazame huku. Nikapiga. Nikamwonesha kwenye kioo cha kamera. Akasema alhamdulillahi.

Nilikuwa na njia nyingine, na sitaki mtu anitafutie udhuru. Kila Alhamisi baada ya laasiri shangazi alikwenda kusoma Yasini nyumba ya pili, na ufunguo wa nyumba ninao mpaka leo, hauna mlango. Ningeingia, nikavuta pazia, nikapiga, nikatoka, kwa muda wa kuchemsha chai. Alhamisi tatu nilipita chini ya nyumba na kamera mkobani. Nilijiambia kumwibia picha ni kumwibia shangazi mwenyewe. Bi mkubwa wa ndoo sikumhurumia hivyo.

Kisha injinia akaniita tuziangalie picha pamoja. Alikuwa amefurahi na kazi. Ndoo aliitazama muda mrefu, akaandika. Miguu ya mzee wa makubadhi ikamchekesha. Ilipofika nyumba ya shangazi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Chumba kizuri hiki," akasema. "Nyuma ya pazia pana nini?"

"Ukuta."

"Mzima?"

"Mzima."

Sikulifikiri jibu lile. Harusini mashangazi wa bwana harusi hunikamata ukumbini wakaniuliza, biharusi mzima? Nami hujibu mzima, mashaallah, hata kama dakika ile nimemwacha anatapika kwa hofu. Ulimi wangu umezoea. Injinia akaamini, kwa sababu alikuwa akizungumza na mtu aliyemletea ndoo, na akapita kwenye picha inayofuata.

Orodha ilipotoka, nyumba ya ndoo imo. Ya mzee wa makubadhi imo. Yetu haimo. Nilikwenda kumwambia shangazi nikiwa nimejiandaa kwa machozi, yeye akanyoosha mgongo.

"Si nlikwambia? Wameona nyumba yetu haina haja."

Wiki nzima aliwapigia simu Maskati kuwahadithia.

Masika yakaja, na mwaka ule yalikuja kwa hasira. Nilikuwa nikienda kila siku. Kila siku napanda juu, nasogeza pazia, maana hakutaka liondoshwe tena, naangalia magazeti yaliyolowa. Nilimwomba ahamie kwangu Mbweni mpaka mvua ikatike. Akasema nyumba ikiachwa peke yake huvunjika moyo. Niliwahi kuinua simu nimpigie injinia nimwambie kweli. Nikaona aibu. Sina neno kubwa zaidi la kueleza kwa nini sikupiga. Aibu tu.

Ilianguka siku ya Jumatatu, baina ya adhuhuri na laasiri. Shangazi alikuwa uani anachagua mchele. Mimi nilikuwa Darajani nachapisha albamu ya watu. Nilipigiwa simu nikakimbia, na njiani kote nilikuwa nikitegemea kuona vumbi, lakini hapakuwa na vumbi hata kidogo, kila kitu kilikuwa kimelowa. Ukuta ulikuwa umeangukia nje, kwenye kiwanja cha jirani, umekwenda na nusu ya sakafu ya chumba. Nusu iliyobaki ilikuwa wazi mtaani. Samadari imesimama ukingoni, mguu mmoja hewani. Kanzu yake ya kulalia imetundikwa msumarini. Sanduku limefunguka, vitu vyake vya ndani vimetapakaa juu ya mawe mvuani, vitu ambavyo hata mimi niliyemfulia nguo sikuwahi kuvianika mbele za watu. Na chini wamejaa wanaume wa mtaa, na wageni wenye makoti ya mvua, wameinua simu.

Shangazi alikuwa amesimama katikati yao na ungo wa mchele mkononi, hana hata mchubuko. Kanga imemganda mwilini. Nilimkumbatia, akanisukuma kidogo.

"Waambie wasipige picha," akasema.

Nikaenda kwa mmoja mmoja. Mimi, mpiga picha, nikawashika watu mikono nikiwaomba, jamani, teremsheni simu, kuna mwanamke hapa. Wengine waliona haya wakateremsha. Wengine walisogea pembeni wakaendelea. Mgeni mmoja alinitabasamia, akaniinulia kidole gumba. Kabla ya magharibi chumba cha shangazi kilikuwa kimeshafika Nungwi, kimefika Maskati, na binamu zangu wakakileta kwenye kundi letu la simu wakiuliza, hii si nyumba yetu?

Injinia alikuja kesho yake. Alizunguka kifusi, akaingiza mkono katika kipande cha ukuta kilichobaki, akatoa gazeti lililolowa, akalikunjua. Lilikuwa la miaka mingi nyuma.

"Miti minne ya kuegemeza," akasema, si kwangu hasa. "Kazi ya siku moja." Kisha akanitazama. "Ulinambia mzima."

Hakuongeza neno, na natamani angeongeza. Wengine mjini waliongeza. Kuna ule msemo wa ufa na ukuta ambao kila Mswahili anaujua, nao wote walionijia na pole walikuja nao mdomoni, wakadhani wao ndio wa kwanza kuukumbuka. Siuandiki hapa. Nimeshausikia vya kutosha.

Sehemu iliyobaki ilibomolewa kwa usalama wa wapita njia. Mlango ukang'olewa ukapakiwa garini kwenda kuuzwa, binamu walikubaliana wenyewe kwa wenyewe. Sasa pana uzio wa mabati. Ninapopita kwenda harusini hupitia njia ya Forodhani, ndefu zaidi, nisipaone. Kamera naishika bado, kwa kuwa sijui kazi nyingine, lakini nikimgeuza biharusi kuficha kovu huchelewa kubonyeza, na maharusi wameanza kuliona hilo.

Shangazi yuko nami Mbweni, katika chumba cha nyuma. Mwili wake uko salama na ndani ya mwili ule sioni tena mtu ninayemjua. Hafagii. Hapiki. Hukaa kitandani siku nzima ameelekea dirisha ambalo halina cha kutazamwa ila ukuta wa jirani. Kitu pekee alichoniomba tangu aje ni ile picha, nikaichapisha kubwa, nikaitia fremu, nayo hukaa mapajani mwake.

Niliwahi kujaribu kutubu kwake. Nilikaa sakafuni miguuni pake, nikamshika mikono, nikamwambia, "Shangazi, mimi ndiye niliyeiua nyumba. Ningeupiga ule ufa nyumba ingekuwapo."

"Ufa gani?" akasema.

Nilidhani akili imeanza kumwacha. Nikamtazama usoni, na akili ilikuwa yote imo, inanitazama na kunikataza. Akaifuta fremu kwa ncha ya kanga.

"Nyumba yetu ilikuwa nzima," akasema. "Picha hii hapa."

Ijumaa iliyopita walikuja wageni kutoka Maskati kumpa pole, binamu na wake zao. Tangu asubuhi shangazi alikuwa ameamka. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi aliomba udi. Alinitaka nibadilishe mashuka, nikabadilisha. Kisha akanyoosha kidole kwenye ukuta wa chumba kile, maana nyumba yangu ni ya kupanga, juu ya kichwa cha kitanda chake, pale bomba linapovujia ndani na rangi imevimba, imeota kuvu jeusi la upana wa sinia. Nimemwambia mwenye nyumba mara kadhaa.

"Watapaona," akasema.

"Waache wapaone, shangazi."

Akaitoa picha mapajani akanipa kwa mikono miwili. Nilisimama nayo. Nilitaka kumwambia hapana. Nilitaka kumwambia kwamba hicho ndicho kilichotufikisha hapa, wewe na mimi, na kwamba mara hii tuwaache watu waone kuvu, na makovu ya chokaa vidoleni mwako, na mimi nilivyokonda. Nje nilisikia gari likisimama na milango yake ikifunguliwa.

"Haraka, mwanangu," akasema.

Nikaenda kutafuta msumari.